Najua Nyasi Tu

Siku tuliyomzika Mama Sela pale Manyoni, walinipa kiti chenye mgongo, wakakiweka upande wa wanaume karibu na masufuria ya wali, nikakaa nikiwasikiliza watu wasionijua wakiulizana mimi ni nani. Mmoja alisema ni mwalimu wa zamani wa misheni. Mwingine akasema hapana, ni fundi aliyeezeka nyumba hii. Kijana mmoja aliyekuwa akigawa maji ya kunawa alimnong'oneza mwenzake kwamba huenda nilikuwa hawara wa marehemu enzi hizo, mwenzake akanitazama kuanzia viatu mpaka mvi, akasema, "Bibi hakuwa na njaa kiasi hicho." Nilicheka moyoni. Nimeishi na dhana za watu kwa muda mrefu, nami nimewadhania wao kwa muda mrefu zaidi, kwa hiyo hatudaiani. Jibu la kweli, kwamba nilikuwa msimamizi wa mali ya marehemu na kwamba yeye ndiye mteja wangu wa kwanza, halikutoka mdomoni mwa yeyote. Hilo lilinifariji kuliko mahubiri yote ya siku ile.

Nataka kuandika mwaka mmoja tu. Habari za kwetu hazihusiki. Inatosha kusema nililelewa misheni ya Kilimatinde, na kwamba hapakuwa na ng'ombe hata mmoja ambaye ningeweza kumwita wetu. Majina yaliyomo humu nimeyabadili, na rangi za ng'ombe pia, kwa hiyo msomaji wa Shelui au wa Kintinku asijisumbue kulinganisha. Kama atadhani amemtambua mtu, amekosea, na kama hajakosea, basi akae kimya kama nilivyokaa mimi.

Mwingereza alikuwa bado anatawala, ingawa alishaanza kutembea kama mgeni anayetafuta kofia yake. Nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu Kampala na shahada ya uchumi, na ofisi ya wilaya ikanipa meza. Nilikaa na meza ile majuma machache. Kila mgeni kutoka makao makuu aliletwa anione nimekaa, kisha akaondolewa kabla sijafungua mdomo, nami nikaanza kuamini kwamba sikuajiriwa nifanye kazi bali niwe pambo. Nikaacha. Nilikuwa na wazo langu. Chuoni tulifundishwa kwamba mwenye mali asiiweke yote mahali pamoja. Aigawe, ili balaa likipita hapa lisifike kule. Huku kwetu mali ni ng'ombe. Nikajiambia nitazunguka kutoka Manyoni hadi Iramba, nitawatafuta wenye mifugo na wenye mishahara ya reli, nitawanunulia mitamba mnadani, nitauza maksai wazee kabla kiangazi hakijawakausha, na kila mnyama nitamweka kwenye nyasi zinazomfaa. Nami nitapata ndama mmoja mmoja kama ujira wangu. Leo kuna ofisi za vioo Dar es Salaam zinazofanya kazi hiyo na wanaume waliovaa tai. Wakati ule haikuwa na jina.

Kukosa jina ndiko kulikoniponza kwanza. Nilipanga chumba nyuma ya hoteli ya Mama Sela, karibu na stesheni. Ile tuliyoita hoteli ilikuwa banda la bati lenye meza mbili, chai, maandazi asubuhi, na ugali wa uwele kwa mlenda mchana. Ukuta wangu ulikuwa wa fito na udongo uliopasuka, na kila neno lililosemwa mezani lilinifikia kitandani. Niliwasikia wafanyakazi wa reli wakinijadili.

"Anasema anasimamia mali za watu."

"Dalali huyo."

"Hapana, nilimuuliza, akasema siyo dalali."

"Mchungaji basi."

"Na uchungaji hataki kuitwa."

"Siyo dalali, siyo mchungaji, anataka ng'ombe wako. Huyo ni mwizi, ila kasoma."

Wakacheka mpaka vikombe vikagongana, na Mama Sela akasema bila kucheka, "Lipeni chai kwanza ndipo mseme watu."

Nilizunguka vijiji vya Kintinku na Kilimatinde nikihubiri kutawanya mali. Wazee walinisikiliza kwa heshima ambayo niliishuku, maana ilizidi kipimo. Siku moja mzee mmoja Mgogo, Ndahani, aliniacha nimalize yote, kuhusu ukame na magonjwa na busara ya kutoweka mali pamoja, kisha akanionyesha zizi lake kwa kidevu. "Wale wenye pembe za kulala ni wa mtu wa Itigi," alisema. "Yule mweusi ni wa mjomba wangu. Wangu mimi wako kwa watu usiowajua. Baba yangu aliwatawanya, na baba yake. Huko Kampala wamekufundisha miaka mingapi jambo hili?" Wanawe wakatazama pembeni ili wasicheke mbele yangu. Akanipa maziwa mgando kwenye kibuyu, akaongeza, kwa upole uliouma zaidi, "Na wewe, kijana, ng'ombe wako wako kwa nani?"

Sikuwa na ng'ombe kwa mtu yeyote. Hapo ndipo mazungumzo yote yalipokuwa yakifia. Mtu asiye na ng'ombe aliowaweka kwa wengine hana anachoogopa kupoteza, na nani atampa mali mtu asiye na hofu? Nilitembea nikirudi stesheni nikijiuliza kama wazee wote wa wilaya ile hawakuwa wamekaa baraza kukubaliana kunikataa kwa swali lilelile. Nilikuwa na umri wa kuamini kwamba nikishindwa, lazima kuna njama.

Nami niliwashuku wote. Sikuiamini mizani ya mwenye duka, wala saa ya stesheni, wala msimamizi wa mnada aliyepandisha bei kwa kukohoa. Sikumwamini hata Mama Sela, kwa sababu ugali wangu ulianza kuwa mkubwa. Mpangaji aliyechelewesha kodi hupunguziwa mlenda. Mimi niliongezewa, na siku moja nikawekewa firigisi ya kuku, kipande ambacho kwa kawaida mtu hapewi bila sababu. Nikaikodolea macho.

"Kula," akasema. "Haijatiwa kitu."

"Shikamoo, Mama Sela. Kwa nini firigisi?"

"Marahaba. Kwa sababu nimekuangalia." Alikuwa mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, aliyekuwa na tabia ya kufuta meza safi wakati anafikiri. Alifuta. "Tangu umekuja hapa hujamwamini mtu. Fundi cherehani alipokuambia suruali iko tayari, ulikwenda kuchungulia dirishani kwake kwanza. Na hujamsimulia mtu jambo lako hata moja. Hawa wa reli wanakutukana, unanyamaza. Huna mke. Huna ndugu huku. Huna ng'ombe. Ukijua jambo, utamwambia nani?"

Kile kilichonifungia milango yote ndicho kilichofungua mlango huu. Nikala firigisi.

Aliniambia mambo yake mchana uleule, baada ya wateja wa treni kuondoka, huku binti yake Sela akisugua sufuria nje. Mumewe alikuwa amefariki kijijini, na mdogo wa mume alitaka kumrithi pamoja na nyumba. Alikataa. Mila ikampa shemeji ng'ombe wote wa marehemu, Mama Sela mwenyewe akaondoka na mtoto na sufuria mbili. Tangu hapo alikuwa amepika mpaka akapata cha kununulia mitamba wawili. Lakini shemeji hakukoma. Alikuwa amesema mbele za watu kwamba shemejiye akionekana na hata mkia wa ng'ombe, atauleta barazani, maana ng'ombe wa mjane ni ndama aliyefichwa wa kaka yake.

"Na baraza litamsikiliza?"

"Watauliza swali moja tu. 'Mwanamke kapata wapi ng'ombe?' Nikisema nimeuza maandazi, watacheka mpaka jioni." Akamtazama Sela kupitia mlangoni. "Akichukua ng'ombe, na huyu atasema ni wake, kwa mahari. Ameshaanza kuuliza amefikisha miaka mingapi. Nataka asome kwa masista. Nataka kila mwaka auzwe ndama asome. Basi."

Nilinunua mitamba wale mnadani kwa jina langu, na mara nikawa na wazo lililonifurahisha sana. Nilimwendea mhunzi, akanifulia chuma cha kupigia chapa chenye herufi za jina langu, kikiwa na mpini mrefu na mzuri. Nilidhani chapa ile ingetembea malishoni ikinitangaza; watu wangeuliza ni ya nani, na wateja wangekuja. Nilimwonyesha Mama Sela kama mtoto aonyeshaye cheti cha shule. Alikigeuza mkononi, akakipima uzito.

"Watu wanatawanya ng'ombe ili wasionekane," alisema. "Unafikiri ni kwa sababu ya ukame peke yake? Ni kwa sababu ya mashemeji. Ni kwa sababu ya karani wa kodi, na mke mkubwa, na mke mdogo, na jirani mwenye jicho. Halafu wewe unataka kuwaandika matako."

Akakipeleka jikoni, akakitumia kuchokolea makaa. Kilibaki jikoni kwake mpaka alipofariki. Siku ya msiba nilikiona kwenye mafiga, mpini umeisha, herufi zimeliwa.

Kisha akanifundisha kazi yangu. Ninaandika "akanifundisha" kwa shingo upande, kwa sababu wakati ule nilibishana naye kila neno.

"Utaulizwa habari zangu," alisema. "Utajibu nini?"

"Nitasema hapana. Sina mteja mwanamke."

"Mjinga. Leo utaulizwa habari ya mama asiye na kitu, utasema hapana ukicheka. Kesho utaulizwa habari zangu, utasema hapana umekunja uso. Atajua. Tena ukisema hapana kwa mmoja, siku utakayokataa kusema hapana, umesema ndiyo. Jibu liwe moja kwa mwenye nacho na kwa asiye nacho, kwa rafiki na kwa polisi."

"Jibu gani?"

Akafuta meza. "Wewe unatafuta nyasi, si ndiyo? Sema unajua nyasi tu. Wenyewe huwajui."

Mitamba niliwapeleka Kintinku kwa Ndahani. Yeye angepata maziwa na samadi ya mashamba yake, sisi tungepata ndama, na kila msimu angeleta kibuyu cha samli kama salamu. Nilikuwa nimeandaa uongo mrefu kuhusu mwenye mali. "Mbukwa," alinisalimu, akawatazama mitamba meno na kwato, akawafungulia zizi. Hakuuliza. Nilipoanza uongo wangu akaninyamazisha. "Ng'ombe haulizwi ametoka wapi. Anaulizwa anakula nini." Hata hilo nililishuku njia nzima ya kurudi. Mtu asiyeuliza, nilijiambia, ameshaambiwa.

Lakini mteja mmoja hamlishi mtu, na ndama hawajazaliwa. Nilihitaji mwenye mali wa kweli, na wote walinitajia huyo huyo: Mzee Msengi wa Shelui, mfanyabiashara wa ng'ombe aliyekuwa na nyumba ya bati kubwa kando ya barabara ya malori, wake wawili, na maziwa ya kumwaga. Nilipata lori mpaka Singida, jingine mpaka Shelui, nikafika nimejaa vumbi hadi kwenye kope.

Chumba alichonipokelea nakikumbuka kuliko vyumba vyote vya mwaka ule. Viti vilivikwa vitambaa vya kufuma. Ukutani kulikuwa na saa mbili, zote zimesimama, kila moja kwa saa yake. Upande wa nyuma palikuwa na pazia la kanga, na nyuma ya pazia mtu alikuwa akitwanga, kinu kikilia kwa mwendo mmoja. Karibu na mlango alikaa mwanamume mwenye koti la kaki, kofia magotini. "Huyu ni dalali wangu wa minadani," alisema Mzee Msengi, na jina hakulitaja. Yule mtu akaniitikia salamu kwa kuinua vidole bila kuinua mkono.

Kuku aliletwa mzima, na mke mdogo, Tatu, ndiye aliyemleta. Aliweka sinia, akanawisha mikono yetu akiwa ameinamisha macho, akarudi nyuma ya pazia, kinu kikaanza tena. Nilitazama paja la kuku lililoelekezwa upande wangu, nikafikiri: mtu tajiri hamchinjii kuku kijana asiyemjua isipokuwa anataka kununua kitu, na mimi sina cha kuuza.

Mzee Msengi alikuwa na kanzu nyeupe na sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa na makundi ya ng'ombe. Alisikiliza maneno yangu yote. Hakunidhihaki kama Ndahani. Alisema wazo langu ni zuri. Kwamba yeye anazeeka, wanawe ni walevi, na kwamba angependa mtu aliyesoma amsimamie. "Nina zizi zima huku Sekenke," alisema, "hakuna anayelijua vizuri. Kesho unaweza kulihamisha likawa mikononi mwako."

Zizi zima. Nilikuwa nikila ugali wa mkopo.

"Nitashukuru, mzee."

"Ila, kijana, mimi simpi mali mtu ambaye sijasikia mwingine kampa. Nitajie mmoja. Mmoja tu. Nitamtumia mtu amuulize, akisema wewe ni mwaminifu, zizi ni lako."

Lilikuwa ombi la haki. Hata sasa naliona la haki. Kila mwenye akili huuliza. Mbele ya swali hilo kazi yetu yote hujikunja kama nyoka na kujiuma mkia, kwa sababu jina la mteja ndilo tangazo pekee tulilo nalo, na ukilitaja humstahili tena. Lakini sitasema nilifikiri hivyo pale. Pale niliona tu kwamba jina la Mama Sela lilikuwa limefika kwenye meno yangu. Nilijiambia, Shelui ni mbali, huyu ni Mnyiramba tajiri, mjane wa Manyoni anamhusu nini?

Ndipo dalali aliposema neno lake la kwanza. "Hao wateja wako," aliuliza akichezea kofia, "wamo wanawake?"

Kinu nyuma ya pazia kikasimama.

Sijui kama wao walikisikia kikisimama. Mimi nilikisikia kama mtu anavyosikia treni ikifunga breki. Nilimtazama dalali. Kwa nini mtu wa minadani, anayejua ng'ombe kwa rangi na pembe, anauliza wanawake? Hakuuliza mifugo mingapi, wala malisho wapi. Na kwa nini aliletwa akae pale, bila jina? Nilihisi chumba kizima kimeegemea upande wangu, kuku na saa na vitambaa vyake.

"Mzee," nikasema, "mimi najua nyasi tu. Wenyewe siwajui."

"Unasemaje?"

"Najua nyasi tu."

"Nimekuuliza jina moja!"

"Nimesikia, mzee wangu."

"Basi huna mteja hata mmoja," akasema dalali, akitabasamu. "Sema huna."

Hilo lilikuwa tamu kulisema, na rahisi. Ningesema sina, angeniona mwongo niliyejipendekeza, ningeondoka na mambo yangeishia hapo. Lakini nilimkumbuka Mama Sela akifuta meza. "Hata hilo sijui," nikajibu. "Nyasi nazijua."

Mzee Msengi akavuta sinia upande wake. Kwetu hilo lina maana moja tu. Nilinawa, nikaaga, nikatoka. Nyuma yangu kinu kilianza tena kutwanga, polepole.

Nilikaa mahali malori yanaposimama, nikijilaani. Nilikuwa nimekataa utajiri kwa sababu mtu fulani aliacha kutwanga. Nani asiyeacha kutwanga? Labda alitaka kujifuta jasho. Nilikuwa nikiendelea hivyo, nikijishtaki na kujihukumu, mwanamke mwenye kapu la mayai akaja akachuchumaa mbele yangu kama muuzaji. Alikuwa Tatu.

"Nunua yai," alisema kwa sauti, kisha chini chini, "usinitazame. Nina mtamba kwa kaka yangu, naye ameoa, mkewe ana mdomo. Umtoe pale, umweke mbali."

"Nani amekutuma?"

"Njaa ya kesho."

"Mumeo amekutuma unipime."

Akacheka akitazama mayai. "Mume wangu angekupima kwa pesa. Amekupima kwa zizi, umekataa. Nilikuwa nasikiliza ili nijue kama wewe ni wa kusema. Yule mwenye koti alipouliza wanawake, nilidhani ananiuliza mimi, moyo ukanikatika." Akanipa yai kana kwamba nimelichagua. "Kumbe siye mimi. Huyo ana shemeji mjane Manyoni, anapika karibu na stesheni, anamtafutia sababu. Kila anapokuja anamsema. Anadhani ana ng'ombe mahali."

Nilikuwa nimeshika yai. Ni bahati kwamba lilikuwa la kuchemsha. Nikauliza kama Mzee Msengi alijua, kama kuku na zizi vilikuwa mtego walioutega pamoja. "Sijui," alisema. "Mzee wangu hapendi kushirikiana mtego na mtu. Lakini usimwamini." Alisimama, akapandisha kapu kichwani. "Wala mimi usiniamini. Ndiyo maana nimekuja kwako."

Nilirudi Manyoni mchana wa treni. Mama Sela alikuwa akimimina chai. Nilimwomba amalize, tukaingia jikoni. Nikamwambia nimekaa chumba kimoja na shemeji yake: koti la kaki, kofia, vidole visivyoinua mkono, na swali lake kuhusu wanawake. Akakaa juu ya gunia la uwele. Kwa mara ya kwanza sikumwona akifuta chochote.

"Ulimjibu nini?"

"Najua nyasi tu."

"Na uso wako?"

"Sikuwa na kioo."

"Akasemaje?"

"Akasema niseme sina mteja."

"Ukasema huna?"

"Nikasema hata hilo sijui."

Alivuta pumzi, akaishikilia, akaiachia. Nje Sela alikuwa akiimba hesabu za jedwali kwa sauti ya kwaya. "Lakini," Mama Sela akasema taratibu, "wewe hujawahi kumwona shemeji yangu. Umejuaje ni yeye? Nani amekuambia?"

Nilifungua mdomo, na kapu la mayai lilikuwa tayari kwenye ulimi. Huyu alikuwa mwanamke aliyenilisha, na habari ile ilimhusu yeye. Nikafunga mdomo, nikaufungua tena.

"Mama Sela, mimi najua nyasi tu."

Akanikazia macho. Kisha akaanza kucheka, akicheka mpaka akashika ukuta, kicheko ambacho sikujua anacho. "Umepata mwingine," alisema akijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Ee Mungu, Bwana Digrii amepata mwingine."

Baada ya hapo sikutafuta mteja tena. Walikuja wenyewe, kwa njia ambazo sikuzielewa na zilizonitia shaka kila mara: mke wa mlinzi wa reli, muuguzi wa Kilimatinde, mkulima wa Mkalama aliyeoa kwa watu wenye kelele. Hakuna aliyesema ametumwa na nani. Shemeji mwenye koti alizunguka Kintinku akichungulia mazizi, akakuta ng'ombe wasio na chapa na Ndahani asiye na maneno, akachoka. Ndama wa kwanza aliuzwa msimu uliofuata, na Sela akaenda kwa masista na sanduku la bati.

Kabla mwaka haujaisha, Mzee Msengi naye alishuka Manyoni kwa lori la mizigo, peke yake, akala ugali na mlenda pale hotelini bila kulalamika, akaniomba nimsindikize kando ya reli mpaka mahali pasipo na watu. Tulikaa juu ya magogo. Alianza kwa kuniambia jinsi nilivyomwudhi, na jinsi alivyoshindwa kusahau kwamba nilimwudhi kwa jibu lilelile mara tatu. Kisha akatazama huku na huku, akashusha sauti, akasema kuna watu nyumbani kwake mwenyewe ambao hapendi wajue kila kitu. Aliyoniambia baada ya hapo hayaandikwi hapa.

Siku ya msiba, watu walipopungua, mwanamke mzee sana aliletwa na mjukuu wake, akaketishwa kwenye mkeka karibu na kiti changu. Sikuwa nimemwona Tatu tangu Mzee Msengi afariki, na hiyo ni miaka mingi. Hakuwahi kujua marehemu tuliyemzika alikuwa nani kwangu, wala marehemu hakuwahi kumjua yeye. Kilichomleta, alisema, ni kwamba Sela alikuwa muuguzi aliyemzalisha binti yake. Tulikula. Mjukuu alipokwenda kuleta maji, aliniinamia, na pumzi yake ilinuka iliki.

"Nitakuuliza jambo nililokaa nalo maisha yangu yote. Mzee wangu ameshakufa, mimi niko njiani, hakuna atakayeumia." Akanishika mkono. "Yeye naye alikuwa kwako?"

Nilitazama masufuria. Niliona mbele ya macho yangu zizi la Ndahani asubuhi, mvuke ukipanda migongoni, na ng'ombe waliolala kwa kuegemeana wasijue ni wa nani.

"Dada yangu," nikasema, "mimi najua nyasi tu."

Alinitazama kwa jicho lile la muuza mayai, akijaribu kusoma uso wangu, na uso wangu haukumpa kitu. Akauachia mkono, akajisogezea sahani.

"Vizuri," alisema. "Maana wangu bado wako kwako."